Madaftari ya Flaviani

Miwani ndiyo iliyofunga mjadala. Kabla ya hapo watu wa kitongoji walikuwa wakibishana kama Flaviani ana kasoro au ni mpole tu. Aliporudi kutoka kupimwa macho akiwa na vioo vinene vyenye fremu nyeusi, ubishi uliisha siku hiyo hiyo. Kwenye banda la video pale senta, filamu za mambo ya anga hazikosi kijana mmoja wa miwani, anayejua kila kitu kuhusu sayari na hajui kumsalimia msichana, na filamu ikiisha wenzake wote wana wachumba isipokuwa yeye. Watu walimtazama Flaviani, wakakumbuka filamu, wakaona jibu wameshapewa.

Alikuwa na miaka thelathini na sita. Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya kumenya kahawa ya chama cha msingi, katika kijiji kimoja cha milimani juu ya Mbinga, kwenye miteremko ambayo ukidondosha boga huhangaiki kulikimbilia, unampigia simu jirani wa bondeni. Msimu wa kahawa ukiisha alilima maharage na mahindi kama kila mtu. Na alisoma hadithi za sayansi: watu wanaohamia nyota nyingine, mashine zinazofikiri, magonjwa ambayo bado hayajatokea, miji ya miaka mia tatu ijayo. Vitabu hivyo alivipata soko la Mbinga kwa wauza karanga, ambao walivinunua kwa kilo ili wachane karatasi za kufungia. Vingine vilimfikia vikiwa vimebaki nusu. Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha nne cha sekondari ya Kigonsera, kikisaidiwa na kamusi iliyokwisha kupoteza majalada yote mawili, kwa hiyo alisoma polepole, lakini hakuacha.

Maneno juu yake yalikuwa mengi, na si vibaya kuyapima moja moja.

Walisema haogi. Hilo halikuwa kweli. Mtu yeyote anayesimama kwenye mashine ya kahawa kuanzia Juni hadi Septemba hutoka na harufu ya maganda yaliyochacha, na harufu hiyo haisikii sabuni. Mwendesha mashine aliyemtangulia alinuka vile vile, naye aliitwa mchapakazi.

Walisema anaishi kwa mama yake. Hilo lilikuwa kweli. Nyumba ilikuwa moja, ya tofali za kuchoma, na mama yake, Domitila, alikuwa na chumba chake upande wa jikoni. Lakini kitongoji hicho kilikuwa na wanaume wengine sita, watu wazima wenye ndevu, waliokuwa wakiishi na mama zao, na wale sita walisifiwa kwamba wanatunza mzazi. Hawakuwa na vitabu.

Walisema mtu wa namna ile hawezi shamba. Kule kwa Wamatengo shamba ni ngoro, mashimo ya mraba yanayochimbwa mlima mzima ili maji ya mvua yaishie shimoni na udongo ubaki mahali pake. Mwanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana. Mwanamke huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo. Ni kazi ya wawili, na shamba la mseja hujulikana kwa mbali kwa sababu nyasi zimelala tu zikisubiri. Flaviani alilaza nyasi, halafu akashika jembe akachimba mwenyewe. Wanaume waliopita njia ya juu walimwuliza kama huko kwenye nyota wanawake hawachimbi.

Walisema ni frimasoni. Aliyelianzisha hilo aliona jicho moja kubwa kwenye jalada la kitabu, na hakuhitaji kuona zaidi. Walisema pia anayaamini yote anayoyasoma, kwamba anangoja chombo kije kumchukua, na hili ndilo lililomuudhi kuliko yote. Mwanamke mmoja wa duka la pembejeo alilia kila Ijumaa kwa tamthilia za mapenzi, na hakuna aliyewahi kumwuliza kama anaamini kwamba wale watu wapo.

Jambo moja lilikuwa la haki. Mwaka fulani, mwezi wa saba, Flaviani alizama kitabuni maji yakakatika kwenye mfereji, mashine ikamenya kavu mpaka mkanda ukaungua, na kahawa ya watu kumi na wawili ikalala bila kumenywa. Alinunua mkanda kwa pesa yake na akaomba radhi mkutanoni. Yule aliyemtangulia alikuwa ameunguza mikanda miwili kwa ulevi, lakini ulevi watu wanaujua, ukisamehewa unasahaulika. Mkanda wa Flaviani ulikuwa bado unasimuliwa miaka minane baadaye.

Hakuwajibu. Alikuwa mtu wa kutabasamu na kutazama chini, na watu wakakiita hicho kiburi. Ukweli ni kwamba maneno yalimwingia. Ukiambiwa jambo kwa miaka kumi unaanza kujikagua kama kweli unalo. Alianza kuoga mara mbili kwa siku. Akienda sokoni na kitabu alikifunga ndani ya gazeti, na akikutana na watu alijitahidi kuzungumzia mpira, ambao hakuupenda, na walikuwa wakijua kwamba hakuupenda.

Lidia alimkuta na kitabu kabla hajakifunga. Huyu alikuwa mwanamke wa Lituhi, kule ziwani, miaka thelathini na moja, muuza usipa, wale dagaa wembamba wa ziwani. Kila baada ya wiki mbili alipanda Mbinga na magunia ya usipa, akarudi ziwani na maharage. Meza yake ilikuwa jirani na muuza karanga. Siku hiyo Flaviani alikuwa ameokoa kitabu kilichokuwa kimeshaanza kuchanwa, amesimama palepale anakisoma, na Lidia akamwuliza kinasemaje. Haikuwa kejeli. Alikuwa na mteja mgumu mbele yake na alitaka kusikia kitu kingine.

Flaviani akamweleza. Kulikuwa na chombo kikubwa kilichoondoka duniani kwenda nyota ya mbali, mbali kiasi kwamba watakaofika ni vitukuu wa walioondoka. Wengine wote watazaliwa njiani na kufia njiani. Lidia alimsikiliza huku akipima usipa kwa kopo. Alikuwa amekulia ufukweni, anajua maana ya watu wengi kukaa ndani ya chombo kimoja. Akauliza maji machafu ya watu wote hao yanamwagwa wapi.

Kitabu hakikusema. Flaviani alikipekua jioni yote, hakuona mahali popote ambapo mtu yeyote ndani ya chombo kile alikuwa amefua, amekoga au amemwaga ndoo. Swali lilimkera siku nne. Siku ya tano alinunua daftari la kurasa mia moja na kuanza kuandika chombo chake mwenyewe, kwa Kiswahili, chenye watu wa milimani na watu wa ziwani, wenye ngoro zilizochimbwa kwenye kuta za ndani. Mtu mkubwa wa hadithi hakuwa nahodha. Alikuwa mwanamke mmoja mwenye zamu ya kusafisha maji machafu, na Flaviani alimpa jina la Nasma, jina alilolisikia kwa mwenye duka la vitenge pale mjini.

Kila Jumamosi alasiri alimsomea Lidia kurasa mbili tatu kwa sauti, akijirekodi kwenye simu, na kumtumia. Lidia hakuwahi kusema ni nzuri. Alituma maswali. Nani anazalisha akina mama, na mkunga akifa? Mtoto akiiba anapelekwa wapi wakati hakuna pa kumfukuzia? Wale walioachwa duniani, wanaliliwa kama wafu au wanahesabika wako hai? Kila swali likawa sura nzima. Miaka miwili ikapita hivyo, na madaftari yakafika kumi na manne. Mara moja moja Lidia alimwambia kwamba shangazi yake anauliza kama Nasma hajambo, na Flaviani alicheka, akidhani anataniwa.

Neno la mapenzi lilichelewa sana kutajwa katika mambo yote hayo. Aliyelitaja ni Lidia, kwa sauti ile ile aliyoulizia maji machafu: alitaka kujua kama Flaviani ana mpango wa kuleta barua au hana, ili ajue la kuwaambia watu. Flaviani alikuwa na mpango huo tangu mwaka uliopita na alikuwa hajapata ujasiri. Usiku ule furaha ilimkosesha usingizi, na asubuhi mama yake alimkuta amekwisha kufagia uwanja wote.

Mshenga alikuwa Mzee Elias, katekista mstaafu, jirani wa upande wa mto. Alikuwa ameshapeleka barua za posa kumi na moja maishani mwake na hakuna iliyowahi kurudishwa, jambo alilolisema mwenyewe kabla hujamwuliza. Aliipeleka ya kumi na mbili Lituhi wakati wa Kwaresima. Wazazi wa Lidia walikuwa wameshafariki. Barua ilipokelewa na baba yake mkubwa, kama desturi inavyotaka, lakini Elias hakuwa mgeni wa mambo haya. Aliona mara moja kwamba mwenye neno katika nyumba ile ni shangazi, mjane mmoja aitwaye Kunigunda, aliyemlea Lidia tangu ana miaka saba. Jibu likaja kwamba barua wameiona na hawajaikataa, ila wiki ya baada ya Pasaka shangazi atapanda kuja kuona nyumba. Mpaka atakaporudi, binti na kijana wasiongee, hata kwa simu.

Hiyo ndiyo desturi yao. Mtu anatumwa, anakula chakula cha nyumba ile, anaangalia jiko, choo, shamba na mama mkwe, anawasikiliza majirani, halafu anarudi kusema. Barua ikijibiwa, mambo yanaendelea. Barua yenyewe ikirudishwa, basi, na hakuna anayedai sababu. Flaviani alilijua hilo vizuri. Alijua pia kwamba hatapata Lidia mwingine, kwa maana wanawake wanaouliza maji machafu yanakwenda wapi hakuwa amekutana nao wengi.

Siku mbili kabla ya ugeni, Mzee Elias alikuja kukagua. Alilisifu jiko, akakisifu choo, akaingia sebuleni na kusimama mbele ya rafu. Ilikuwa rafu ya mbao, ukuta mzima, vitabu sitini na kimoja na madaftari kumi na manne. Akasema hii ndiyo itakayowaangusha. Mama mtu mzima wa ziwani, mwanachama wa Utume wa Wanawake, akute jicho kwenye jalada na mashetani wa vichwa viwili, atafikiri nini? Majirani watasema maneno yao, hilo halizuiliki. Lakini asipokuta kitu atajua ni wivu wa majirani, na akikuta atajua walisema kweli. Domitila alisema kutoka jikoni kwamba yeye miaka yote hajaona kitabu kilichoiba kuku wa mtu. Kisha akaendelea na kazi yake. Alikuwa na miaka sitini na saba, magoti yanamsumbua, na alimtaka mkwe kuliko alivyotaka kushinda ubishi.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba Flaviani alisita. Hakusita. Alikuwa ameshaanza kushusha vitabu kabla Mzee Elias hajamaliza kueleza. Walijaza magunia manne ya kahawa, wakayabeba kwa machela mpaka kwenye chumba cha mashine, na Flaviani akayafunika kwa turubai. Palepale kwenye rafu waliweka redio, kalenda ya parokia na maua ya plastiki ya Elias mwenyewe. Mwisho Elias akashauri na miwani iwekwe kando siku hiyo. Flaviani akaivua.

Kunigunda alifika Jumatano saa tatu asubuhi kwa bodaboda, akiwa amelala Kigonsera kwa ndugu. Alikuwa mfupi, wa miaka sitini hivi, kitenge chake amekifunga kwa juu kama mtu aliyekuja kufanya kazi. Flaviani akampa shikamoo, naye akaitikia, akamkabidhi Domitila fungu la usipa, na bila kukaa akaomba kuonyeshwa nyumba. Aliona jiko. Aliona choo. Aliangalia nguruwe na bomba la maji, akafungua bomba akanawa. Shambani alisimama juu ya mteremko, maharage yakiwa yameanza kuchanua, akauliza ngoro zile zimechimbwa na nani. Flaviani akajibu ni yeye. Kunigunda akainama, akatumbukiza mkono kwenye shimo moja mpaka kiwiko, akautoa, akaupangusa udongo. Wakati wa kurudi majirani wawili walimsimamisha njiani na kumweleza kwamba yule kijana ni wa mambo ya nyota, akawaambia ahsante, ameshasikia.

Chakula kilikuwa ugali, kuku na maharage. Mzee Elias aliongea kwa niaba ya wote: habari za kahawa, habari za kwaya, upole wa kijana. Kunigunda alikula vizuri. Macho yake yalikuwa yakienda kwenye rafu na kurudi, lakini Flaviani hakuyaona macho hayo. Bila miwani, mtu aliyekaa upande wa pili wa meza alikuwa kitenge cha bluu chenye sauti.

Alipomaliza kula, ile sauti ikamgeukia. "Lidia ananiambia unaandika, baba."

"Nilikuwa naandika zamani, shangazi," Flaviani alisema. "Nimeacha."

"Umeacha lini?"

"Siku nyingi."

Kunigunda akasogeza sahani kando. Kisha akauliza, taratibu, kama anayeulizia mgonjwa: "Na Nasma je? Ule mlango wa tangi ulipomfungia ndani, alitoka?"

Hadithi ilikuwa imekatikia hapo hapo. Jumamosi ya mwisho kabla ya kukatazwa kuongea, Flaviani alimwacha Nasma ndani ya tangi kubwa la maji machafu, mlango umekwama, maji yanapanda. Jinsi Nasma alivyotoka Flaviani alikuwa anajua, ameshaandika, ilikuwa katika daftari la kumi na nne chini ya turubai. Alisikia jina lile katika kinywa cha mama mgeni. Angeuona uso ule, pengine angejibu. Aliona bluu tu. Akafikiri: huu ndio mtego, ameshaambiwa kila kitu, sasa ananipima.

Mzee Elias akawahi kumwokoa. Alicheka, kicheko kizuri cha mtu mzima, akasema, "Mama, hayo ya kitoto kijana alishayaweka chini. Vilikuwa vichekesho vya ujana."

Na Flaviani naye akacheka. Hakucheka sana. Halafu, bila kuombwa na mtu, akaongeza la kwake. "Ulikuwa upuuzi tu ule, shangazi."

Kunigunda akasema haya. Akaomba maji ya kunawa. Alimshukuru Domitila kwa chakula, wakakaa wawili jikoni kwa muda wakizungumza habari za magoti, akaaga mapema kuliko walivyotarajia kwa sababu ya barabara na mvua. Bodaboda ilipokata kona Mzee Elias alisema kazi imekwisha. Domitila aliendelea kuosha vyombo.

Barua ilirudi siku ya tisa. Ilikuwa ile ile, ndani ya bahasha ile ile, na mwandiko mzuri wa Elias mwenyewe juu yake. Elias aliishika kama risiti ya mtu mwingine. Alikuwa mtu wa kumi na moja kwa kumi na moja, na sasa hakuwa. Akaenda nyumba kwa nyumba kutafuta jirani aliyeharibu, akarudi na majina matatu. Kisha akampigia baba mkubwa wa Lidia, jambo ambalo desturi hairuhusu, na akajibiwa kwa adabu kwamba dada yake hakuona ubaya wowote: nyumba safi, mama mwema, na ngoro za kina kile hajaziona siku nyingi. Zaidi ya hapo baba mkubwa hakuwa na la kusema.

Flaviani alikaa na jibu hilo siku mbili. Halikumwingia akilini. Alikuwa amejiandaa kukataliwa kwa vitabu, kwa miwani, kwa mkanda wa mashine, kwa nyota. Amekataliwa na mtu ambaye hakukuta hata kimoja kati ya hivyo. Marufuku ya simu ilikuwa imekwisha kwa sababu hapakuwa tena na kitu cha kulinda. Jumapili baada ya misa alipanda kwenye chumba cha mashine, ambako mtandao ulikuwa unashika, akampigia Lidia.

Lidia alipokea. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo ilikuwa imeshapoa na kuganda. Alimweleza yote kwa mpangilio. Jumamosi zote zile, yeye na shangazi walikuwa wakianika usipa kwenye vichanja, na simu wameitundika kwenye nguzo, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Mwanzoni shangazi alisema izimwe. Baadaye ikawa yeye ndiye anayezuia watu wasianze kusikiliza kabla hajafika. Maswali mengi yaliyokwenda mlimani yalikuwa yake. Lile la mkunga lilikuwa lake. Lile la kuwalilia walioachwa duniani lilikuwa lake, na aliliuliza mwaka ule aliozika mume. Safari ya kuja kuona nyumba wangeweza kumtuma mtu mwingine, mwenye miguu mizuri, lakini alisema ataenda mwenyewe, anataka kuona mahali Nasma anapotoka.

"Njia nzima alikuwa anasema atakuomba umsomee yeye, uso kwa uso," Lidia alisema. "Hata ukurasa mmoja."

"Nilidhani ananitega."

"Nilikwambia anamuulizia."

"Nilidhani unatania, Lidia." Akageukia magunia. "Yapo. Madaftari yote yapo, hayajapotea hata moja. Nipo nayo hapa. Kesho napanda gari nayaleta, nitamsomea yote."

"Hakuna aliyesema yamepotea," Lidia alisema. "Shangazi alijua yapo. Aliona ukutani mahali vitabu vilipokaa, pameacha alama. Alirudi akaniambia kijana ni mzuri, shamba zuri, lakini amemkana Nasma mbele yake na akamcheka. Akaniambia siku watu watakaponicheka mimi, utacheka nao."

Flaviani akasema hapana, hilo haliwezekani, yeye na Lidia ni jambo jingine. Aliongea haraka, akaeleza habari za banda la video, na frimasoni, na wanaume wa njia ya juu, miaka kumi ya maneno, mambo ambayo hakuwahi kumweleza mtu. Lidia alimwacha amalize.

"Hapa Lituhi wananiita mke wa nyota," alisema. "Mwaka wa pili huu. Kanisani, kisimani, kwenye vichanja. Wanasema una miwani na unaishi kwa mama yako na huna akili. Na kila wakiniuliza nimesema ndiyo, huyo ndiye mtu wangu, anaandika habari za watu wa angani, njooni Jumamosi msikilize. Nimechekwa miaka miwili kwa ajili yako, Flaviani. Wewe ulitakiwa uchekwe siku moja, na mtu mmoja, na hata huyo hakuja kucheka."

 Flaviani aliwahi kuwapa maneno watu mia nne ndani ya chombo kimoja, kila mmoja kwa sauti yake, na la kwake halikuja. Aliweka mkono juu ya turubai, akausikia ugumu wa majalada ya vitabu chini yake, akaendelea kushika simu sikioni. Upande wa pili alisikia upepo wa ziwa, na watu wakiitana.

Lidia akasema ana usipa nje na mvua inakuja. Alimtakia Jumapili njema, akakata.